Kozi za mtandaoni na vyuo vikuu: kilichoshuka gharama na kilichobaki palepale

#1 Mtaala_Wazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kabla hatujabishana kama vyuo vikuu vitakufa au vitadumu, tuvunje chuo vipande vipande tuone kila kipande kinagharimu nini. Ukiweka kando majengo na utafiti, chuo kinampa mwanafunzi vitu vinne: maudhui, mrejesho wa mtu anayejua juu ya kazi yake, mtihani unaoaminika, na cheti ambacho mwajiri au chuo kingine kitakipokea. Intaneti imeshusha gharama ya kitu cha kwanza hadi karibu na sifuri. Vitatu vilivyobaki vimeshuka kidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyoamua nani anasoma na nani anabaki nje.

Chukulia kozi iliyotengenezwa kwa saa 600 za kazi: kuandika, kurekodi, kuhariri, kutunga mazoezi. Ikisomwa na watu 50, kila mmoja amebeba saa 12 za utengenezaji. Ikisomwa na 6,000, kila mmoja amebeba dakika 6. Hapo ndipo watu hupagawa. Sasa weka usahihishaji: kazi tatu kwa kila mwanafunzi, kila kazi dakika 20 za mkufunzi anayesoma kweli na kuandika maoni. Ni saa moja kwa kila mwanafunzi. Kwa wanafunzi 50 ni saa 50, kwa 6,000 ni saa 6,000. Hakuna video inayopunguza mstari huo.

Hili si jipya. Mwaka 1840 Isaac Pitman alifundisha hati mkato kwa posta: mwanafunzi anatuma zoezi, linarudi limesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake bila kusomea pale. Open University ya Uingereza ilipata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, takriban 25,000, bila kudai sifa za kuingilia. Watu wanakumbuka vipindi vyake vya televisheni, lakini uti wa mgongo ulikuwa vitabu vilivyoandikwa kwa kusomwa peke yako, pamoja na wakufunzi wanaosahihisha kazi kwa maandishi. Televisheni ilikuwa sehemu ndogo. Anayepanga kozi leo akaanza na kununua kamera, ameanzia mkiani.

Karibuni tujadili. Naomba mwenye takwimu azilete.

#2 Kalamu_Nyeusi

Asante kwa uzi, mkuu. Lakini kuna jambo umelikwepa. Hizi kozi huria za halaiki, zile ambazo wengi huziita MOOC, watu hawamalizi. Kila mahali tunasoma kwamba zaidi ya asilimia 90 huishia njiani. Kama darasa la kawaida lingepoteza watu kiasi hicho, lingefungwa. Je, huo si ushahidi kwamba njia yenyewe imeshindwa?

#3 BiSemina

Kalamu_Nyeusi, swali lako ni la haki, ila asilimia hiyo inategemea unagawanya kwa nani.

Chukua kozi 17 za kwanza za vyuo vikuu vya Harvard na MIT kwenye jukwaa lao la kozi za mtandaoni, edX, mwaka wa masomo 2012/13. Usajili ulikuwa 841,687 (mtu mmoja aliweza kujiandikisha zaidi ya kozi moja). Vyeti vilivyotolewa ni 43,196, yaani kama asilimia 5. Lakini asilimia 35 ya waliojiandikisha hawakufungua hata ukurasa mmoja wa maudhui. Kujiandikisha kulikuwa bure na kulichukua dakika moja, kwa hiyo kulifanana zaidi na kuchukua kitabu rafuni na kusoma jalada kuliko kulipia mwaka wa masomo. Uchambuzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente uliotoka mwaka 2019 kwenye jarida la Science ulionyesha hali haikuboreka: mwaka 2017/18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya wote waliojiandikisha, na zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia kabisa kwenye kozi. Waliolipia cheti ndio waliomaliza kwa wingi, karibu nusu yao.

Hapo mtu hukimbilia kusema "basi tuwalipishe wote". Taratibu. Anayelipa ameshajichuja mwenyewe: ana nia, mara nyingi ana kazi, na mara nyingi ana shahada tayari. Fedha imempima tu.

Ushahidi unaouma zaidi hautoki kwenye kozi za bure. Eric Bettinger na wenzake (2017) walilinganisha wanafunzi wa chuo kikubwa kimoja cha Marekani ambacho kozi zilezile, kwa vitabu vilevile na mitihani ileile, zilitolewa darasani na mtandaoni. Kusomea mtandaoni kulishusha alama kwa wastani wa 0.44 kwenye kipimo cha pointi 4, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Njia inayotangazwa kuwa mlango wa walioachwa nje, ikitolewa bila msaada, inamwangusha kwanza aliyeachwa nje.

Jaribio la Chuo Kikuu cha San Jose State, Marekani, na Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni, mwaka 2013 lilikwama kwenye jambo hilohilo. Kozi za hisabati za msingi zilipelekwa kwa wanafunzi waliokuwa wameshindwa somo hilo awali na kwa wa sekondari, ufaulu ukawa duni, mradi ukasitishwa ndani ya miezi michache. Video zilikuwa nzuri tu. Mwanafunzi aliyekwama Jumanne usiku hakuwa na mtu wa kumkwamua kabla hajakata tamaa Jumatano.

#4 Mtaala_Wazi

Dada BiSemina, asante, hiyo ndiyo nondo. Niongeze upande wa pili ili tusitoke hapa tukidhani kila kozi ya mbali ni hasara.

Chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, kilianzisha Januari 2014 shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa takriban dola 7,000 kwa programu nzima, sehemu ndogo tu ya ada ya kampasi. Joshua Goodman, Julia Melkers na Amanda Pallais walichunguza walioomba. Mwombaji wa kawaida wa kampasi alikuwa na miaka kama 24 na ametoka nje ya Marekani, wa mtandaoni alikuwa na miaka kama 34, Mmarekani, yuko kazini. Waliokosa nafasi kwa tofauti ndogo ya alama, wengi wao hawakwenda chuo kingine. Yaani programu haikumwibia mtu kampasi, ilimpata mtu ambaye asingesoma kabisa.

Lakini angalieni ilivyojengwa: mamia ya wasaidizi wa ufundishaji wanaolipwa, mitihani yenye usimamizi, na cheti kilekile cha kampasi. Vile vipande vitatu vya gharama havikuachwa. Na walioingia tayari wana shahada ya kwanza. Ukihamisha mfano huo kwa mtu aliyetoka sekondari na hesabu dhaifu, huwezi kutegemea matokeo yaleyale.

#5 Seva_ya_Pembeni

Salaam wakuu. Naona mnazungumza kana kwamba video inafika. Mimi nashughulika na mitambo, naomba tupige hesabu ya bando.

Kanuni ni hii: zidisha kilobiti kwa sekunde kwa 0.45, utapata megabaiti kwa saa. (Sekunde 3,600 gawanya kwa biti 8, kisha kwa 1,000, basi.) Video ya kilobiti 2,000 inakula megabaiti 900 kwa saa. Kozi yenye saa 20 za video ni gigabaiti 18, na hiyo ni kuangalia mara moja bila kurudia. Mwanafunzi wa simu hana gigabaiti 18 kwa somo moja.

Sasa angalia kilichomo ndani ya video nyingi za mihadhara: slaidi iliyosimama dakika tatu na sauti inayosoma slaidi. Picha haitembei, kwa nini ilipiwe kilobiti 2,000? Ibane upya hivi: ukubwa wa 360p, mbano wa H.264, fremu 10 kwa sekunde, picha kilobiti 200, sauti ya njia moja kilobiti 48. Jumla 248, mara 0.45, ni kama megabaiti 112 kwa saa. Kozi nzima inashuka hadi gigabaiti 2 na robo. Sauti peke yake kwa kilobiti 32 ni megabaiti 14 na ushee kwa saa, kozi nzima haifiki 300. Na maandishi ya saa nzima ya mhadhara, maneno kama 9,000, hayafiki kilobaiti 100.

Yanayoharibika ukibana, ili msinilaumu baadaye:
- Herufi ndogo kwenye slaidi hufifia. Kwa 360p usiweke zaidi ya mistari 8 ya maandishi kwa slaidi. Jedwali kubwa litoe nje ya video, liwe faili la pembeni.
- Maonyesho ya mikono, upasuaji, kuchomelea, lugha ya ishara: hapo fremu 10 hazitoshi. Acha 25 na ukubali uzito.
- Ukipandisha video kwenye jukwaa linalobana upya lenyewe, kazi yako inapotea. Weka faili ya kupakua, si ya kutazama moja kwa moja tu.

Na jambo ambalo halina uhusiano na bando: Philip Guo na wenzake (2014) walipima mamilioni ya utazamaji kwenye edX wakakuta kwamba muda wa kati wa mtu kukaa na video hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu vipi. Kata mhadhara vipande vya dakika 5 hadi 7, kila kipande swali moja mwishoni. Mtandao ukikatika, mwanafunzi anapoteza kipande kimoja, hapotezi saa nzima.

Mahali pasipo na intaneti kabisa, weka seva ndogo. Programu ya Kolibri ni ya bure na hukaa hata kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi. Simu na kompyuta za chumba kizima huunganishwa kwa ruta bila intaneti. Maudhui unayapakua mara moja mahali penye mtandao, unayabeba kwenye diski. Kinachoua mitambo hii mara nyingi ni kadi ya kumbukumbu kuharibika umeme unapokatika ghafla wakati inaandika. Tumia diski ya nje badala ya kadi, weka betri ya akiba, na tunza nakala kamili ya diski kabatini ili kurejesha kuwe kazi ya saa moja.

#6 Kalamu_Nyeusi

Mkuu Seva, hiyo nimeielewa. Swali: maudhui nimepakua, sawa. Jaribio je? Kwenye Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, wanafunzi wengi wanalalamika jaribio halifunguki bila mtandao hata kama somo zima liko kwenye simu.

#7 Seva_ya_Pembeni

Linafunguka, ila mwalimu lazima aliandae hivyo, na wengi hawajui. Kwenye mipangilio ya jaribio kuna ruhusa ya kufanywa nje ya mtandao kwa programu ya simu. Kwa kawaida imezimwa. Ukiiwasha, kuna masharti:

Jaribio lisiwe na kikomo cha dakika. Lisifungwe kwa anwani ya mtandao. Na mrejesho uwekwe uje mwishoni, si baada ya kila swali, kwa sababu majibu sahihi hayamo ndani ya simu. Moja ya hayo likikosekana, ruhusa haifanyi kazi.

Kisha mweleze mwanafunzi: pakua jaribio kabla hujatoka penye mtandao, fanya, halafu rudi penye mtandao ulandanishe. Asianze kwenye simu na kumalizia kwenye kompyuta, maana majibu yaliyokaa kwenye simu yanaweza kutupwa. Na tarehe ya mwisho iwe na nafasi. Mwanafunzi aliyemaliza Ijumaa saa 3 usiku akapata mtandao Jumapili hajachelewa kufanya, amechelewa kutuma. Mpe saa 48 za kulandanisha. Malalamiko mengi ya "mfumo umenifelisha" yanatoka hapo.

#8 Mtahini

Nimefuatilia tangu mwanzo. Naingia kwenye kipande cha tatu, mtihani, kwa sababu huo ukilegea cheti kinakuwa karatasi na mlango wote unafungwa kwa nyuma.

Kwanza swali lenyewe. Watu wanadharau maswali ya kuchagua kwa sababu yanatungwa vibaya. Tazameni hili:

Gari linakwenda kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Mwendo wa wastani ni upi? (a) 24 (b) 48 (c) 50 (d) 100.

Jibu ni 48: kilomita 120 kwa saa 2 na nusu. Lakini thamani ya swali iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Aliyechagua 50 amechukua wastani wa namba mbili bila kufikiria muda. Aliyechagua 24 amepata muda sawa ila amesahau safari ya kurudi kwenye umbali. Aliyechagua 100 amejumlisha tu. Kila kosa lina mrejesho wake: wa 50 unamwambia "gari limekaa muda gani kwenye kila mwendo?" na unamwachia ajaribu tena; haumpi jibu. Swali moja la hivyo huchukua dakika 30 hadi 40 kutunga. Ukilitunga vizuri linafanya sehemu ya kazi ya mkufunzi kwa maelfu ya watu, usiku wa manane. Hapo ndipo mtandao unapunguza kweli gharama ya mrejesho, na ni mahali pachache: hisabati, programu za kompyuta, sarufi, sehemu za sayansi. Insha na hoja bado zinataka msomaji.

Pili, benki ya maswali. Wengi wanaweka maswali 30 na kila mtahiniwa anapewa 10 kwa nasibu, wanadhani wamejikinga. Watahiniwa wawili watakutana kwenye maswali 3 na zaidi kwa wastani (10 mara 10 gawanya kwa 30). Benki ya 100 inashusha hadi swali 1. Ila usichote kwenye benki moja kubwa, utawapa wengine maswali rahisi tupu. Gawa kwa mada na ugumu, chota idadi ileile kila kapu.

Tatu, kamera za kumsimamia mtahiniwa nyumbani. Mimi nazipinga kama nguzo kuu. Zinataka mtandao usiokatika kwa saa mbili, chumba cha peke yako na mwanga mzuri, yaani vitu ambavyo mwanafunzi tuliyesema tunamfungulia mlango hana. Kuna na suala la faragha: Agosti 2022 mahakama ya shirikisho huko Ohio iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Cleveland State kilikiuka katiba kwa kumtaka mwanafunzi azungushe kamera kuonyesha chumba chake kabla ya mtihani. Na hata ukizifunga zote, kamera haioni simu iliyo nyuma ya skrini.

Nne, tangu programu za akili mnemba ziingie mikononi mwa watu mwishoni mwa 2022, insha ya kuandikia nyumbani haipimi tena kile ilichokuwa inapima. Programu za kutambua maandishi ya mashine zisitumike kama ushahidi wa kumhukumu mtu. Zinakosea, na humkosea zaidi anayeandika kwa lugha ya pili, kwa sababu sentensi zake huwa rahisi na za kutabirika.

Pendekezo langu: mazoezi yote mtandaoni bila ulinzi, yachukue alama ndogo. Mtihani mmoja wa ana kwa ana kwenye vituo vilivyo karibu na watahiniwa, kitambulisho mkononi, uchukue angalau nusu ya alama. Chuo Kikuu cha London kilianza hivyo karne ya 19, na bado sijaona kinachoshinda hilo.

#9 BiSemina

Mwalimu Mtahini, nakubali kuhusu kamera. Lakini kituo cha mtihani kina ubaguzi wake pia: mwenye mtoto mchanga, mwenye ulemavu, mfungwa, aliye mbali na kituo chochote. Mtihani wa mdomo kwa simu ya kawaida, dakika 10, juu ya kazi ambayo mwanafunzi amewasilisha, hautaki video wala chumba. "Kwa nini ulichagua njia hii? Ungebadilisha nini kama data zingekuwa nusu?" Mtu ambaye hakuifanya kazi ile hujulikana dakika ya tatu.

#10 Mtahini

Dada, njia ni nzuri, tatizo ni saa. Wanafunzi 400 kwa dakika 10, pamoja na 5 za kuandika alama, ni saa 100 za watahini. Na watahini wawili tofauti hutoa alama tofauti mno wasipofanya usawazishaji. Ningefanya hivi: wote waambiwe mapema kwamba wanaweza kuitwa, kisha waitwe asilimia 15 kwa bahati nasibu pamoja na kila ambaye alama yake ya nyumbani imepishana sana na ya mtihani. Hao 60 wa bahati nasibu peke yao ni saa 15. Mahojiano yarekodiwe, na mtahini wa pili asikilize moja kati ya kila matano. Kwa wale uliowataja ambao kituo hakiwafikii, mdomo uwe ndio mtihani wao kamili. Hapo tunakutana.

#11 Nakala_Tatu

Habari zenu. Mimi nauliza upande wa cheti. Nina vyeti vya kozi fupi kadhaa za majukwaa makubwa. Vyuo vinasema havivitambui. Tatizo ni wivu wa vyuo au kuna sababu?

#12 Mtaala_Wazi

Ndugu Nakala_Tatu, kuna sababu, na ukiijua unaweza kuishughulikia.

Chuo kinapopima kama kikuhamishie krediti, kinatazama mzigo wa kazi. Kwenye mfumo wa Ulaya mwaka mmoja ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote: kusoma, mazoezi, mtihani. Somo la krediti 6 ni saa 150 hadi 180. Kozi fupi inayojitangaza kuwa ya saa 20 haifiki hata krediti moja, cheti kiwe kizuri namna gani. Kwa hiyo vyeti vitano vya saa 20 haviwi somo moja.

Pili wanatazama kiwango: je, ni cha mwaka wa kwanza au wa tatu? Tatu, alipimwa nani, na mtihani ulisimamiwa vipi? Cheti kinachosema "ameshiriki" kinajibu maswali hayo kwa ukimya. Nne, nani anasimama nyuma ya kozi: chuo chenye ithibati au kampuni tu?

Kabla hujalipia kozi yoyote ukitarajia ihesabiwe, mwandikie msajili wa chuo unachotaka kuingia, taja kozi, uliza kama watahamisha na kwa krediti ngapi, na uhifadhi jibu la maandishi. Ukishamaliza, pakua siku hiyohiyo mtaala wenye tarehe, malengo, saa, mgawanyo wa alama na mfano wa mtihani. Kurasa za kozi hufutwa, na jukwaa linaweza kubadilisha mmiliki: edX iliyoanzishwa na Harvard na MIT mwaka 2012 iliuzwa kwa kampuni ya 2U mwaka 2021, na 2U ikaomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024. Kiungo cha cheti si kumbukumbu. Chapisha, weka nakala.

Krediti ikikataliwa, omba utambuzi wa ujuzi wa awali: badala ya kuonyesha cheti unafanya mtihani wa somo lenyewe. Vyuo vingi vina utaratibu huo, ila hawautangazi.

Kwa upande wa sheria mambo yanasogea. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO wa kutambua sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2019, ulianza kutumika Machi 2023, na unagusa pia masomo yasiyo ya kawaida na ya mtandaoni. India imekwenda mbali zaidi: kupitia jukwaa la SWAYAM, chuo kinaweza kuruhusu hadi asilimia 40 ya kozi za programu zitoke mtandaoni. Kwangu mimi mabadiliko makubwa ya vyuo yatatokea hapo kuliko kwenye video. Mwanafunzi akiweza kubeba theluthi ya shahada kutoka kwingine, chuo kinalazimika kujibu kwa nini somo lake la utangulizi, watu 500 ukumbini na mhadhiri mmoja, ni bora kuliko la nje.

#13 Nakala_Tatu

Nimeelewa, mkuu. Na maabara? Huwezi kusomea kemia kwa simu.

#14 BiSemina

Nadharia unaweza, mikono huwezi. Open University ilikuwa inatuma visanduku vya majaribio kwa posta, na kuwakusanya wanafunzi wa sayansi kwa wiki ya maabara wakati wa kiangazi. Mpango huo bado ni bora: nadharia na uigaji mtandaoni, kisha wiki mbili za maabara mfululizo, siku 5 kwa wiki, saa 6 kwa siku. Ni saa 60, sawa na kipindi cha saa 4 kila wiki kwa wiki 15. Maabara iliyokaa tupu wakati wa likizo inapata watu. Uuguzi na ualimu ni tofauti, hao wanahitaji wasimamizi walioko wanakofanyia kazi, na kumpata msimamizi anayejua kupima ni kazi kuliko kutengeneza kozi.

#15 Kalamu_Nyeusi

Tumesema ya mwanafunzi. Mhadhiri je? Akisharekodiwa, chuo kinamhitaji kwa nini? Na lugha hatujaigusa, maana sehemu kubwa ya kozi hizi ni za Kiingereza.

#16 Mtahini

Kuhusu mhadhiri: asome mkataba kabla ya kurekodi. Vitu vinne viandikwe: nani anamiliki rekodi, itatumika miaka mingapi, nani ana wajibu wa kuisahihisha ikichakaa, na itakuwaje akiondoka. Na saa za kuendesha kozi zihesabiwe kama ufundishaji. Chuo kinachohesabu kurekodi tu kinapata kozi ambayo jukwaa lake la maswali halijibiwi kuanzia wiki ya tatu.

Kuhusu lugha, manukuu ndiyo mlango. Mtu anasema maneno kama 150 kwa dakika, yaani 9,000 kwa saa. Manukuu ya mashine yenye makosa asilimia 5 yana makosa 450 kwa saa, na mara nyingi yanaangukia istilahi, palepale ambapo mwanafunzi anahitaji neno sahihi. Orodhesha kwanza istilahi za kozi, 40 hadi 60, zikubaliwe tafsiri, ndipo usahihishe manukuu na kutafsiri. Ukianza bila orodha, neno moja litapata tafsiri tatu ndani ya kozi moja.

Na wasiosikia wasiachwe. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha California, Berkeley kilifungia umma zaidi ya video na sauti 20,000 zilizokuwa wazi baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kusema hazikidhi mahitaji ya watu wenye ulemavu. Kila aliyekuwa akizitegemea, mwenye ulemavu na asiye nao, akapoteza. Manukuu yakitengenezwa siku ya kurekodi ni kazi ndogo. Kuyarudia kwa maelfu ya saa ni mlima.

#17 Nakala_Tatu

Swali la mwisho wakuu. Idara yenye walimu watano na bajeti ndogo ianzie wapi?

#18 Mtaala_Wazi

Somo moja tu, si programu nzima. Chagua lile ambalo wanafunzi wengi hulirudia na ambalo tayari kuna vitabu huria vizuri, ili usitumie fedha kwenye maudhui. Ukiwa na saa 600, gawa hivi: 150 kupanga na kurekebisha maudhui, 150 benki ya maswali ya aina aliyoonyesha Mwalimu Mtahini, 60 kurekodi vipande vifupi pale tu maandishi yanaposhindwa kueleza. Saa 240 zilizobaki usiziguse mpaka wanafunzi waanze. Hizo ni za wakufunzi.

Kundi moja lisizidi wanafunzi 25 kwa mkufunzi. Kazi ya kwanza iwe fupi, iwasilishwe mwisho wa wiki ya pili na irudi na maoni ndani ya siku 5. Kazi ya kwanza ikicheleweshwa hadi wiki ya sita, utakuwa unamwandikia mtu aliyekwishaondoka. Kila Jumatatu mkufunzi atazame orodha ya ambao hawajaingia kwa siku 7, na awapigie simu. Ujumbe wa jumla wa mfumo haufanyi kazi hiyo. René Kizilcec na wenzake walijaribu vijizoezi vya kumtia mwanafunzi moyo, kama kumfanya apange ratiba yake, kwenye kozi karibu 250 zenye wanafunzi zaidi ya robo milioni. Kupanga ratiba kuliongeza ushiriki wiki za mwanzo, lakini hakukuongeza wanaomaliza.

Seva, ukipata nafasi tuwekee hapa mipangilio kamili ya ile mbano ya 360p, watu wanakili.

#19 Seva_ya_Pembeni

Naileta kesho jioni, pamoja na faili ya majaribio ya dakika 2 ili kila mtu apime kwenye simu yake mwenyewe kabla ya kubana kozi nzima. Ukiweza kusoma mstari wa mwisho wa slaidi ya tatu bila kukuza, mipangilio inakufaa. Usipoweza, panda hadi 480p na picha kilobiti 350. Jumla itakuwa kama megabaiti 179 kwa saa.